Kuku wa Kumkomboa Emrisi

Mbeyu alikuwa amezika watoto watatu nyuma ya nyumba yake pale Mwabungo, na hakuna hata mmoja aliyefikia kutambaa. Kwa hiyo alipojifungua wa nne, mwaka wa hamsini na mbili, mkunga Bimkubwa hakumwacha hata amtazame vizuri. Alimfunga mtoto katika kipande cha kaniki kuukuu, akaenda kumlaza jaani juu ya maganda ya mihogo, ili mauti yakipita yadhani ni taka. Dama, wifi yake Mbeyu, ndiye aliyepangwa apite kama kwa bahati, amwokote, ampe jina lolote la ajabu, kisha amuuze kwa mama yake kwa kuku mmoja. Mtoto wa jaani hurudi kwa mamaye kwa kununuliwa tu. Asiponunuliwa ni wa aliyemwokota, na siku huyo akiondoka, uhai wa mtoto humfuata.

Lakini Dama alikuwa mtu wa salamu. Akikutana nawe njiani atakuuliza hali yako, ya mumeo, ya mbuzi wako, na ya yule mbuzi aliyekufa mwaka juzi. Asubuhi ile alikutana na watu. Alipotokeza mwisho wa kichochoro, alimkuta Mzungu amesimama jaani, taulo begani, mtoto kifuani, anaita watu huku uso umemwiva kama pweza aliyetoka chunguni.

Mzungu huyo alikuwa mchimba visima wa Kinango, ambako ukame ulikuwa mkali hata vyura walizeeka bila kujua kuogelea. Jumapili alishuka ufuoni Galu kuoga. Ukimwita Mwingereza alinuna. Yeye alitoka Welisi, nchi ya milima, mvua na makaa ya mawe.

Bimkubwa alitoka nyuma ya ua wa makuti, akamweleza kwamba aliyeokota ndiye mwenye kutoa jina. Hayo mengine ya kuku hakuyasema. Aliona haya kumtajia mgeni biashara ya mtoto. Mzungu akamtazama mtoto usoni. Halafu akasema, Emrisi. Wakamwuliza maana yake. Akababaika na Kiswahili chake cha kambini, akasema kwao ni jina la wanaume, babu humwachia mjukuu.

"Maana yake, mtu hapana kufa."

Ndani, juu ya kitanda cha kamba, Mbeyu alilisikia neno hilo akaliweka moyoni. Mwalimu Seifu wa chuo cha Kurani alihamaki: asiyekufa ni Mwenyezi Mungu peke yake. Siku ya akika, alipochinjiwa mbuzi, akamsomea mtoto jina la Abdulhayi, mja wa Aliye Hai, akaona shauri limekwisha. Hakuna aliyelitumia. Mtoto aliitwa Emrisi, akatambaa, akatembea, akafika umri wa kuiba vitumbua.

Taabu ilikuwa kuku. Arobaini yake ilipokwisha, Mbeyu alimpelekea Mzungu mtetea. Akadhani ni shukrani, akacheka kwa adabu, akasema hawezi kula kuku wa mama mwenye mtoto mchanga. Sikukuu ya Idi akapeleka jogoo, jogoo akarudi. Na kila Jumapili Mzungu alipita na peremende, akampakata mtoto, akamwita jina lake taratibu kama mtu anayeonja chumvi. Chirau, mumewe Mbeyu, alisema huyo ni muungwana, kwa nini kumsumbua. Lakini kwa Mbeyu, kila kuku aliyerudi bandani alikuwa kaburi lingine linalomngoja mtoto.

Mwaka wa hamsini na sita zikaja habari kwamba kazi ya visima imekwisha, Mzungu anapanda meli Kilindini. Lori lake lilisimama Mwabungo adhuhuri, aage. Mbeyu alitoka na mtetea mweusi, mtagaji wake bora, miguu imefungwa kwa ukindu.

"Bwana, shika kuku wako."

"Mama Emrisi, mimi nilisema, hapana taka malipo."

"Si malipo. Namnunua mwanangu. Ukienda hujaniuzia, unakwenda naye."

Akamweleza yote, jaa, makaburi matatu, yule Dama na salamu zake. Mzungu akakaa kwenye kidato cha lori. Naye akaeleza, neno moja moja, kwamba kwao alikuwa na mwana, Emrisi, aliyeachiwa jina na babu yake. Dondakoo lilimchukua kabla hajang'oa jino la kwanza. Tangu hapo mkewe hakutaka jina lile litajwe nyumbani mwao, wala halikutajwa.

"Hapa tu mimi naita Emrisi, na mtoto anakuja. Nikishika kuku, mama, mimi nauza yeye."

Mbeyu angeweza kumrudisha kuku kwapani. Alimtazama mwanamume yule akilia mchana kweupe mbele ya utingo wake, akamwonea huruma ambayo hajawahi kumwonea mtu. Lakini mikono yake haikurudi nyuma.

"Niuzie," alisema. "Nakuomba, baba."

Mzungu akampokea kuku. Akamwinua mtoto, akamnong'oneza kwa lugha yake maneno ambayo hakuna aliyeyajua, kisha akamkabidhi mama yake kwa mikono miwili. Lori likaondoka, kichwa cha mtetea kimechungulia dirishani. Watu wa Mwabungo huapa kwamba kuku yule alifika Welisi, akataga kwenye theluji, na majogoo wa huko mpaka leo huwika Kidigo. Ukibisha, hutapewa kahawa.

Mtoto akishakombolewa hupewa jina la ukoo, na Mbeyu alikuwa nalo tayari, Waziri, la baba mkwe wake. Alasiri alisimama mlangoni akaliita. Mtoto hakugeuka, alikuwa ukingoni mwa barabara, peremende shavuni, anatazama upande wa Likoni, lori lilikokwenda. Mbeyu alifumbua kinywa mara ya pili, na lililotoka lilikuwa Emrisi. Mtoto akaja mbio. Mbeyu akakaa kizingitini, akamkumbatia, akalia kilio cha mfiwa, maana huko inakokwenda ile meli hakuna tena atakayeliita jina hilo.