Barua ya Munganga kwa Papa

Wazazi wangu walipotimiza miaka arobaini ya ndoa, sisi watoto tuliamua kuwapeleka kuona bahari. Ndugu yangu Lionel anafanya kazi Mombasa, akasema atatupokea. Mimi Bénita, niliyebaki na wazee hapa Majengo, Goma, nikapewa kazi ya kutayarisha safari na kuwasindikiza.

Niliifanya kwa kiburi kidogo. Pasipoti zote tatu nilizikagua tarehe, maana zikibaki na chini ya miezi sita mtu anaweza kurudishwa. Nilitoa fotokopi, nikazigawa katika mifuko miwili. Tikiti za kwenda na kurudi, barua ya mwaliko ya Lionel, anwani ya nyumba tutakapolala, vyote niliviweka katika bahasha ya plastiki. Ilibaki karti ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Anayetoka Congo asipokuwa nayo, Kenya wanaweza kumkatalia uwanjani.

Papa, Théogène Hategekimana, alikulia nyuma ya ng'ombe katika milima ya Masisi mpaka vita vikatuleta mjini. Hajawahi kupanda ndege. Asubuhi ya chanjo alivaa koti lake la kanisani.

Kwenye kituo cha afya tulikuta foleni ndefu. Muuguzi aliyekuwa akichanja aliitwa Patricia, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alimdunga mama, akanidunga mimi, halafu akamkalisha papa na kuanza maswali. Una miaka ngapi? Dawa gani unakunywa? Ulishawahi kufanyiwa operesheni? Mimi nilikuwa natazama saa. Nilikuwa nimefunga duka langu, na nyuma yetu watu walianza kunung'unika.

"Na mayai, papa, unakulaka?"

Papa akacheka. "Hapana. Sipendi tu."

"Sema kweli, Papa Lionel," mama akadakia. Akamgeukia Patricia. "Mara ya kwanza nilimupikia mayai, tulikuwa na wiki mbili za ndoa. Uso ukavimba, macho ikafungana, akakosa pumzi. Mama mukwe akasema nimemupa sumu. Toka siku ile hata keki hagusi."

Patricia akarudisha sindano juu ya meza.

"Papa, hii chanjo wanaikuzia ndani ya mayai. Siwezi kukudunga. Unaweza kufia hapa mbele ya bibi yako huyu."

Sisi nyumbani tulizoea kumtania papa kwa mayai yake. Mimi mwenyewe, siku moja nikiwa mdogo, nilimfichia kipande cha kimanda ndani ya mkate ili tucheke. Bahati mama alikiona. Nilikaa pale na bahasha yangu ya plastiki magotini.

"Basi safari imekufa," papa akasema taratibu.

"Haijakufa," Patricia akamjibu. "Kesho murudi. Munganga Honoré atakupima, na akiona ni vile, atakuandikia barua kwamba chanjo imekatazwa kwako. Lakini barua si karti. Wale wa uwanja wanaweza kuikubali ao kuikataa. Bénita, uwaulize mbele ya kusafiri."

Nje ya lango kijana mmoja mwenye koti la jinzi alikuwa ameshasikia shida yetu. Akaninong'oneza kwamba anaweza kupata karti yenye tampon, muhuri kamili, bila sindano, siku hiyohiyo. Sitadanganya: nilisimama, nikamsikiliza. Papa akanishika mkono.

"Mutoto wangu, yule mama amenisaidia sasa hivi. Tusimufanyie vile."

Tukaenda zetu.

Munganga Honoré, daktari wa kituo, alimpima papa kesho yake. Patricia alisimama kando yake akamlazimisha aandike Kifaransa juu na Kiingereza chini, aweke tampon, sahihi na namba ya simu. "Na namba yangu pia," akasema, "wewe haupokeake." Mimi nikaandika kwa ubalozi wa Kenya. Jibu lilikuja siku ya sita: tubebe barua yenyewe, si fotokopi, na ofisa wa afya uwanjani ndiye atakayeamua.

Tulivuka mpaka wa Rwanda Jumapili alfajiri, tukashika basi mpaka Kigali, tukapanda ndege, na mchana tukawa uwanjani Nairobi. Ofisa wa afya alitazama karti ya mama, akatazama yangu, akapiga muhuri. Ya papa ilipokosekana nikampa barua. Aliisoma mara mbili.

"Ngojeni hapo," akasema, akaondoka nayo.

Tulingoja zaidi ya nusu saa. Mama alikuwa anapitisha rozari ndani ya mkoba ili watu wasimwone. Papa alisema, "Wakinirudisha, ninyi muendelee. Mutanielezea." Mama akamjibu kwamba hajaolewa na maelezo.

Ofisa alirudi akitabasamu. Namba ya kwanza haikupokelewa. Ya pili ilipokelewa na mwanamke mwenye kelele za kwaya nyuma yake. Alitoka nje ya kanisa, akamweleza kila kitu, hata jina la mama alilikumbuka. "Huyo dada yenu ni mkali," ofisa akasema. "Ameniambia nikuhimize uvae mikono mirefu na ulale ndani ya neti, na ukipata homa uende hospitali mara moja. Karibu Kenya, mzee."

Papa alivua kofia, akamshukuru kwa Kinyarwanda, halafu akakumbuka na kurudia kwa Kiswahili.

Siku ya pili huko Mombasa aliingia baharini na suruali imekunjwa mpaka magotini. Akachota maji kiganjani, akaonja, akaanza kucheka. Alituambia jinsi alivyokuwa akitembea siku nzima na gunia la chumvi kichwani kwa ajili ya ng'ombe, na huku chumvi yote imemwagwa tu hivi. Mama alimshika kiuno wimbi lisimwangushe. Lionel aliwapiga picha kwa simu yake, na ndani ya picha ile hakuna anayetazama simu.

Tuliporudi Goma, papa hakutaka kupumzika kwanza. Tulikwenda kituoni, tukapanga foleni pamoja na akina mama wenye watoto wachanga. Tulipofika mbele, Patricia aliinua macho, akamtazama papa kuanzia viatu hadi kichwa, kama anayehakikisha hakuna kilichopungua.

"Nimekuja kusema aksanti," papa akasema. "Sina shida ingine."

Patricia akavua miwani, akaipangusa muda mrefu kwa pembe ya blauzi yake. "Miaka kumi na tisa niko hapa," akasema. "Watu wanarudiaka sindano ya pili. Kwa aksanti, wewe njo wa kwanza."

Akamvutia kiti, na mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu na mtoto mgongoni akasema anaweza kungoja.