Maji ya Mtungini

Magoti yalikuwa yananisumbua tangu baridi ianze, kwa hiyo siku iliyo fupi kuliko zote ilinikuta tena kwa Pu Zhaoting, milimani Yunnan. Siku hiyo kila nyumba kule hupika mizizi ya fuzi, dawa yenye sumu, kwa miguu ya nguruwe. Supu yake hutoa baridi mifupani. Ikipikwa vibaya hutoa na roho. Ndiyo maana huchemshwa tangu alfajiri, na yakipungua maji huongezwa yanayochemka tu, ya baridi hata tone hapana.

Mwaka ule chungu alikabidhiwa Huixian, mke mpya wa mtoto wa Zhaoting. Jirani Luo alishakaa mezani.

"Zhaoting, mkwe wako anatulisha au anatuzika?"

"Tafuna karanga, Luo. Mdomo wako upate kazi."

Kwao mwenye nyumba huonja kwanza, wengine wakasubiri kuona kama ulimi utamfa ganzi. Mzee akachota, akapuliza kijiko.

"Baba, usionje," akasema Huixian kutoka mlangoni.

"Kuna nini?"

"Birika lilikuwa tupu. Nikaongeza maji ya mtungini."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi, wageni walipokuwa wanaingia."

Mama mkwe wake akatazama sakafu. Luo akaruka. "Si nilisema!"

"Hukusema, ulibwabwaja," mzee akajibu. Akarudisha supu chunguni. "Huixian mwanangu, jaza birika. Tunaanza upya."

Wageni wakala wali na mboga za kuchachusha, wakaenda zao. Luo alibeba karanga zilizobaki. Mimi sikuwa na pa kwenda, na magoti ni yangu.

Jua lilipozama mzee akachota tena. Huixian akashika kijiko.

"Nimepika mimi, naonja mimi."

"Ukifa nitamwambia nini mama yako?"

"Na wewe ukifa nitamwambia nini mwanao?"

Mzee akanywa nusu, akampa nusu. Wakakaa wakitazamana, sisi tukiwatazama wao. Mzee akavuta kiko kizima. Huixian alikuwa akipitisha ulimi kwenye meno, taratibu, kila pembe.

"Semeni basi!" mama mkwe akafoka.

"Ulimi wangu bado upo," akasema mzee.

Huixian akameza mate.

"Chumvi haitoshi," akasema.

Nikasogeza bakuli langu.