Pumzi ya Mwanahawa

Adhuhuri moja mwanzoni mwa Ramadhani, Mwanahawa alipoinama kumtandikia mumewe mswala, pumzi yake ilinuka kitunguu saumu.

"Umekula," Nurudini alisema.

"Naapa kwa Mola aliyeniumba, sijatia kitu kinywani tangu daku."

Nurudini hakumwamini. Alikwenda zake dukani, kwenye duka lake la dawa za mifugo karibu na soko la Kasulu. Tangu siku hiyo Mwanahawa akawa anazungumza naye amekinga mdomo kwa ncha ya kanga. Nywele zikabaki kwenye kitana, kucha zikawa zinakatika. Na Nurudini, Mungu amsamehe, akadhani ndiyo malipo ya anayemhadaa Mola wake.

Miaka ilikuwa imepita bila mtoto. Miezi michache kabla ya mfungo huo, ng'ombe wa jirani, aliyezoea kutupa mimba, alipewa unga wa madini ya seleni kutoka dukani hapo akazaa ndama mzima. Nurudini aliona, akatamani. Tangu hapo akawa anachota unga ule na kuukoroga katika uji wa mkewe kila jioni. Alimwambia ni dawa ya uzazi, naye akanywa bila kuuliza, maana aliyempa ni mumewe.

Mfungo ulipokaribia kwisha, Pasikali, afisa mifugo wa Heru Juu, aliingia kununua unga uleule.

"Uwaonye wateja, Mzee Nurudini," alisema. "Seleni mwili unaihitaji, lakini chembe tu. Ikizidi, mwili unaifunga na kaboni, inageuka gesi, inatoka na pumzi. Ukisikia ng'ombe ananuka kitunguu saumu na hajala kitunguu, ujue hiyo ni sumu inatafuta mlango. Hata kwato zinapasuka."

"Na mtu je?"

"Mtu ana kucha."

Nurudini alifunga duka mapema. Njiani aliona aibu, kisha hofu, na hofu ikaishinda aibu. Alitaka kumwomba mkewe radhi, ampeleke hospitali jioni ileile.

Alimkuta mkekani akingoja adhana, vidole amevifunga vitambaa, uji unafuka mbele yake.

"Mwanahawa," alianza.

"Mbona leo hujanitilia dawa?" aliuliza, kanga mdomoni asimuudhi. "Niongezee kidogo. Mwaka huu sijala hata siku moja, mume wangu. Ramadhani inakwisha, na siku zangu sijaziona."

Akaishusha kanga, akatabasamu, na harufu ile ikamfikia Nurudini usoni.