Mashine Ifungwe

Barua ililetwa Jumatatu asubuhi na mtu wa pikipiki ambaye hata injini hakuizima. Alimkabidhi shangazi bahasha, akajisainia mwenyewe kwamba imepokelewa, akaondoka akiacha vumbi limjibie salamu. Shangazi aliigeuza bahasha mara mbili, akauona muhuri wa ofisi, akajua hapo hakuna heri. Ofisi ile haijawahi kumwandikia mtu barua ya kumpongeza.

"Pimamaji! Njoo usome. Macho yangu leo hayataki shari."

Pimamaji alitoka uvunguni mwa mashine akiwa na grisi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mtoto wa kaka yake shangazi, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, na jina hilo alilipata kwenye kituo cha mafunzo ya ufundi. Siku ya kwanza tu alikitoa kipimamaji chake mfukoni, akakilaza juu ya meza ya mkuu wa kituo na kumwambia, mbele za watu, kwamba meza imelala upande. Mkuu hakumsamehe, ingawa meza ilikuwa imelala kweli.

Aliyempeleka huko ni shangazi, na sababu ilikuwa hiyohiyo mashine. Miaka mitatu nyuma mradi fulani uliwaletea akina mama wa kukamua alizeti mashine mpya ya kijani. Ilikatiwa utepe, ikahutubiwa, ikapigwa picha. Kisha wageni wakapanda magari yao, mashine ikapewa mbegu, na kabla ya robo saa kwisha ikakaba, ikatoa moshi na kunyamaza. Ilikuwa imetengenezwa kwa mbegu nene zilizokobolewa. Za hapa ni ndogo na ganda lake gumu. Akina mama watano wakarudi kwenye mashine yao ya mkono, ile ya kusukuma wenzo kutwa nzima, na ya kijani ikawa mali ya kuku, ambao angalau walitaga ndani yake. Bega la shangazi likaharibika hivi kwamba kilemba alifungwa na jirani. Siku moja alimwambia mpwa wake: nenda ukajifunze chuma, urudi unitibie hili dubwana.

Miezi kumi. Darasa la chuma lilikuwa na wanaume kumi na wanane na yeye. Aliporudi aliifungua mashine yote, akazipanga nati kwenye sinia kwa safu, akakuta ugonjwa wake uko wapi. Ile skrubu kubwa inayosukuma mbegu ilizunguka mbio kupita kiasi, na nafasi za kupitishia mafuta hazikulingana na mbegu za hapa. Akajaza meno ya skrubu kwa kuchomelea, akayasaga upya kwa grenda. Akapachika mabati membamba kwenye nafasi. Akatafuta puli kubwa zaidi ili mwendo upungue nusu. Kila kipimo alikiandika kwenye daftari la kurasa mia. Sasa ilikuwa imelazwa juu ya magogo katikati ya banda, ikisubiri msingi wa zege, na alizeti zilikuwa zimeanza kuinamisha vichwa mashambani.

Alijifuta mikono, akaisoma barua kwa sauti. "'Imebainika kuwa mashine iliyotolewa na mradi imebadilishwa na mtu asiye na sifa. Kwa hiyo mnaagizwa mashine hiyo ifungwe kabla ya Ijumaa wiki hii, ambapo mkaguzi atafika kuthibitisha utekelezaji.'"

Shangazi aliketi juu ya gunia tupu. "Ilipokuwa nyumba ya kuku hawakuja kukagua. Imepata wa kuitibu, wanaleta kufuli! Hivi hawa watu wana mama zao kweli?"

Yale maneno, mtu asiye na sifa, yalimchoma Pimamaji kuliko cheche zote alizowahi kuchomwa nazo. Miezi kumi alilala kwenye chumba cha stoo kwa sababu kituo hakikuwa na bweni la wanawake. Alisoma barua mara ya pili kwa hasira, na mara ya tatu akapunguza mwendo. Kwenye neno moja akasimama. Mabega yake yakaanza kutikisika, na shangazi akadhani analia.

"Nyamaza, mwanangu. Mungu si Athumani."

"Silii, shangazi. Nacheka. Wametupa ruhusa!" Akaweka kidole cheusi kwenye karatasi. "Imeandikwa mashine ifungwe. Sasa mimi fundi wa chuma, ukiniambia nifunge mashine, nafanya nini?"

Shangazi alimtazama, akaitazama mashine juu ya magogo, kisha akajipiga paja kwa mkono ulio mzima. "Unaifunga!"

"Kwenye zege. Kwa bolti. Na wamesema kabla ya Ijumaa, kwa hiyo tusichelewe. Sisi ni raia watiifu."

Zege lilimwagwa siku ileile. Akina mama walibeba kokoto kwa karai, Pimamaji akatengeneza fremu ya mbao ili bolti zisihame mahali pake, kisha kila asubuhi na jioni wakalifunika kwa magunia mabichi lisipasuke. Jirani mmoja alipita akawaonya kwamba serikali haichezewi. "Maji tumeshayavulia nguo," shangazi akamjibu, "wewe kama huogi, tupishe tuoge." Alhamisi mchana watu sita waliinyanyua mashine kwa kamba, wakaiteremsha juu ya bolti zake, na ikaingia bila kugombana. Pimamaji akakaza nati kwa mshazari, moja huku, nyingine kule, kama alivyofundishwa.

Mkaguzi alifika Ijumaa saa nne. Alikuwa mtu mfupi mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kwenye mifuko, na mkononi alishika kufuli kubwa kama ngumi. Nyuma yake alifuata mkufunzi wa chuma kutoka kituoni, mwalimu wa Pimamaji, aliyeletwa kama mtaalamu. Mwalimu alikwepa macho ya mwanafunzi wake, akajifanya anakagua paa.

"Hii ni nini?" mkaguzi akauliza. "Si niliandika ifungwe?"

"Karibu, mzee. Imefungwa," Pimamaji akasema. "Bolti nane za milimita kumi na sita. Itikise mwenyewe."

Mkaguzi, bila kufikiri, akaitikisa. Haikusogea hata unywele.

"Ifungwe, mama! Isimamishwe!"

"Tuliisimamisha jana. Ilikuwa imelala pale kwenye magogo, tukaisimamisha kwa kamba watu sita."

Mwalimu akashikwa na kikohozi cha ghafla.

"Izimwe!" Mkaguzi alianza kutokwa jasho. "Nasema izimwe!"

"Haijawashwa bado. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Akina mama waliokuwa wamejipanga kando ya nguzo walishindwa kujizuia. Mmoja alitoka nje akachekee huko kwa heshima. Mkaguzi alikunja uso. "Mnanichezea shere. Sawa. Chekeni, mkimaliza naweka kufuli. Sheria ni sheria, mtu asiye na sifa haruhusiwi kugusa mashine ya mradi."

Utani ukaisha hapo. Pimamaji alilichukua daftari lake rafuni, akampelekea mwalimu, si mkaguzi. "Mwalimu, ulituambia tukikosea tukuonyeshe tulipokosea. Nionyeshe."

Mwalimu alivaa miwani. Alisoma ukurasa baada ya ukurasa akilowesha kidole, akapima puli kwa rula, akarudi kwenye daftari. Mkaguzi akachoka kusubiri. "Kwa hiyo? Huyu ni mhandisi?"

"Si mhandisi," mwalimu akasema. "Hesabu ziko sawa."

"Sikukuuliza hesabu."

"Najua. Lakini ziko sawa."

Pimamaji akashika hendeli ya kuwashia injini. "Mzee, mara ya kwanza hii mashine ilikaba kabla ya robo saa. Nipe robo saa na nyongeza. Ikikaba, nitakushikia kufuli mwenyewe, na msimu huu mama zangu watasukuma kwa mkono. Isipokaba, tutazungumza."

Injini ilikohoa, ikashika. Gunia la kwanza likamiminwa. Dakika tano za mwanzo ilitema ungaunga na povu, na shangazi akawa anasoma dua bila sauti. Kwenye dakika ya nane mashine iliguna, mwendo ukazama, na mkaguzi akalihamisha kufuli mkono wa kulia. Pimamaji hakukimbia. Aliinama, akasikiliza, akarudisha mlango wa mbegu vidole viwili. Ilikuwa imelishwa kwa pupa, basi. Mguno ukaisha. Mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa, yakaanza kutoka makavu kama maganda ya mti, na upande wa chini mafuta yakachuruzika, kwanza uzi, kisha mkono mzima. Robo saa ikapita, ikapita na nusu saa, na banda zima likanukia alizeti. Shangazi alichovya kidole, akakilamba, akalia mbele za watu bila kuona haya.

"Huo mkanda," mkaguzi akasema ghafla, akinyoosha kidole, "uko wazi. Siku moja utameza nguo ya mtu, na mtu mwenyewe ndani."

Lilikuwa jambo la kweli. Pimamaji aliona aibu ya haki, akaizima injini palepale. "Hapo umesema. Sitaiwasha tena mpaka niuwekee kifuniko. Na asante."

Mkaguzi hakuwa amezoea kushukuriwa. Alikohoa, akafungua jalada lake, akatoa fomu. Sauti ikashuka. "Sikilizeni. Mimi si adui wa mtu. Mashine inafanya kazi, nimeona. Hapa pana nafasi: imefungwa na nani. Nitaandika jina la mwalimu huyu, yeye ana sifa, na mambo yaishe. Mtakamua kuanzia kesho."

Mwalimu aliinamia viatu vyake. Pimamaji aliwatazama wale wanawake watano, akafikiria mashamba yaliyokauka tayari kuvunwa. Ni jina tu, alijiambia. Mafuta hayana jina.

"Andika," akasema, na sauti ilikuwa ndogo hata yeye hakuitambua.

"Usiandike!"

Shangazi alikuwa amesimama. "Nilimtoa huyu nyumbani akiwa hajui nati na bolti. Ameondoka na vidole laini amerudi na makovu. Leo kazi yake ipewe aliyekuja kuangalia? Mwalimu, sikutukani, lakini hukubeba kokoto. Weka kufuli lako, bwana. Tumesukuma kwa mkono tangu huyu hajazaliwa, na tutasukuma tena. Ila ukiulizwa kwa nini umeifunga, useme ni kwa sababu ilifanya kazi."

"Weka," wengine wakadakia. "Weka, tuone."

Mkaguzi alibaki na kufuli mkononi. Aligeuka kuutafuta mlango, na banda halikuwa na mlango, lilikuwa nguzo nne na bati. Akajaribu kwenye gurudumu la injini, kufuli likawa nene. Akajaribu mguu wa mashine, hapakuwa na tundu. Aliizunguka mara mbili huku akitazamwa, na shati lake halikuwa tena na pasi.

"Itabidi pachomelewe kishikizo," akamwambia mwalimu.

"Mimi nimekuja na miwani tu," mwalimu akajibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamtazama mwanafunzi wake usoni. "Hapa anayechomelea ni mmoja."

Vidole vitano vya akina mama vikamwelekea Pimamaji.

Alimsogelea mkaguzi. "Nitakuchomelea. Sasa hivi, na kitashika vizuri, sifanyi kazi mbovu kwa sababu ya hasira. Lakini kituoni tulifundishwa, karatasi kwanza, moto baadaye. Niandikie hati ya kazi. Nani achomelee, kazi yake nini, nani ameagiza."

Mkaguzi alivuta karatasi, apate kumaliza aende zake. Akaandika tarehe. Akaandika agizo. Akaandika "Fundi", na kalamu ikasimama.

"Endelea, mzee," Pimamaji akasema. "Ni hilohilo. Kama nafaa kuchomelea kufuli lako, nilikosaje kufaa kuifunga mashine? Chagua. Ukifuta hapo, sina ruhusa ya kugusa chuma chako, utarudi na kufuli lako mfukoni. Ukiacha, liandike na pale kwenye fomu."

Mkaguzi aliutazama mwandiko wake mwenyewe. Kisha akaiweka ile karatasi chini ya jalada, akaivuta fomu, akaegemea kwenye mashine iliyokuwa bado na joto, na kwenye nafasi ya imefungwa na nani akaanza kuandika neno lilelile. Akamuuliza jina lake kamili, na la baba. Pimamaji akayataja polepole, kisha akasogea na grisi yake yote, akainama juu ya bega la shati lile, akafuata herufi moja moja.

"La marehemu baba lina h katikati," akasema. "Iongeze."

Akaiongeza.