Sauti ya Kipkirui

Ukiuliza Eldoret ni nani atakayekuambia gari lako linalia wapi, utaelekezwa kwa Kipkirui, kwenye gereji ya mabati nyuma ya maghala ya mahindi. Wala si sifa za bure. Mafundi wengine hubadilisha vipuri vitano ndipo wapate kimoja kibovu. Yeye husikiliza kwanza. Ana kichekesho kimoja tu, sauti yake. Ni nyembamba, ya puani, kama ya mtoto mwenye mafua, na wateja humtania nayo mpaka leo.

Alhamisi moja asubuhi iliingia Subaru ya buluu, gari la mbio, limeshushwa mpaka tumbo linakaribia kugusa kokoto. Akatoka kijana akikokota mguu wa kushoto, goti halikunjiki. Juu ya paji la uso alikuwa na shungi la nywele nyeupe.

"Fundi, hii gari inagonga huku mbele," alisema. "Nikikata kona ya left kwa barabara mbaya, ko-ko-ko. Naitwa Mburu. Nimetoka Nairobi, naenda kuona mathe Moi's Bridge."

Kipkirui alifungua mdomo ajibu, kisha akaufunga. Lile shungi alilijua. Akagusa koo lake na kutikisa kichwa.

"Koo inauma? Pole sana," Mburu akasema, na pole hiyo ikamchoma.

Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipowaka na makabila kuwindana, akiwa na miaka ishirini, Kipkirui alisimama na wenzake kwenye kizuizi cha mawe na magogo nje kidogo ya mji. Ikaja pikapu ya Mzee Kigen, mtu wa kabila lao, imefunikwa turubai. "Ni nyasi ya ng'ombe tu," mzee alisema, na vijana wakaanza kumwondolea mawe. Kipkirui ndiyo kwanza alikuwa anajifunza ufundi, akataka waone alivyo hodari. "Hiyo si nyasi," akasema. "Sikiza vile springi zinalia. Huko ndani kuna mzigo."

Turubai likafunuliwa. Chini ya nyasi walikuwa wamelala mama na mwanawe, watu wa kabila lililokuwa likiwindwa. Mvulana akatupwa kifudifudi, akavunjwa goti kwa rungu, lile shungi jeupe likaloa matope. Mama yake alilia mpaka sauti ikakauka.

"Mimi sikumgusa mtu," Kipkirui amejiambia kwa miaka kumi na moja. Na kweli hakugusa. Alisema tu, tena kwa kujionyesha, na hilo hajawahi kumwambia hata mke wake, Chebet.

Mburu hakuona uso wa mtu siku ile, alisikia sauti tu. Kwa hiyo Kipkirui akafanya kazi kama bubu. Walizunguka mtaa, Mburu akiendesha, yeye ametoa kichwa dirishani. Kwanza alishuku shokamzoba, lakini hiyo ingegonga hata barabara ikiwa imenyooka. Hii iligonga kwenye kona za kushoto tu, uzito ukiegemea gurudumu la kulia. Waliporudi akapiga jeki, akalishika gurudumu hilo juu na chini, akalitikisa. Lilicheza kama jino bovu. Boljoint, kile kifundo cha chini kinacholishika gurudumu, kilikuwa karibu kuachia.

Akashusha jeki, akaingia ndani kutafuta karatasi ya kuandikia. Ndiyo, mwanamume mzima alikuwa anaogopa sauti yake mwenyewe.

Huko nje simu ya Mburu ikalia, mama yake. "Nakuja, mathe," akasema, na injini ikawaka. "Fundi, wacha niende, nitarudi Jumatatu!"

Kipkirui alitoka mbio akipunga mikono. Mburu naye akampungia. Gari likafika langoni, usukani ukakatwa kushoto, na kule chini, ko.

"Simama!" Sauti ya puani ilitoka yote. "Usiende. Hiyo gurudumu itatoka. Sikiza vile inalia."

Gari likasimama. Mburu akazima injini, akaacha mikono juu ya usukani. Hakugeuka.

"Sema tena," akasema.

Kipkirui angeweza kugusa koo. Angeweza kukohoa. Badala yake alisogea dirishani, macho chini, akarudia neno kwa neno, kisha akaongeza lile ambalo hakuulizwa. "Ni mimi. Siku ile ya nyasi."

Mburu akafungua mlango, akautoa mguu wake mbovu kwa mikono miwili, akauweka ufunguo juu ya boneti, si mkononi mwa fundi.

"Tengeneza," alisema. "Lakini usiongee tena mbele yangu."

Kipkirui alifanya kazi hadi saa kumi, mdomo umefungwa, uso unawaka kwa aibu. Mburu alikuwa akitembea huku na huku kwenye kokoto, hatua moja, kukokota moja, na fundi hakuhitaji kuinua kichwa kujua ni mguu gani.