Bi Somoe Ndani ya Helmeti

Munira hakumpokea mdogo wake kwa furaha, wala hakujifanya. Anwar alikuwa Dubai miaka yote ambayo mama yao, Bi Somoe, alikuwa amepooza miguu, na miaka yote hiyo Munira ndiye aliyemgeuza kitandani, akamwogesha, akambeba hadi chooni. Leo, mwaka tisini na tano, bwana mkubwa ndiyo kwanza anashuka kwenye teksi hapo Temeke, kajipulizia marashi. Badala ya kiti cha magurudumu alichoombwa mara chungu nzima, anashusha kompyuta na helmeti nyeusi yenye ukubwa wa sufuria ya pilau, nyaya zinaning'inia kisogoni.

"Na hili dude nini?"

"Dada, huku ndiko dunia inakokwenda," Anwar alisema. "Ukilivaa unaingia ndani ya kompyuta. Ukigeuza shingo kulia, unaona kulia. Jumba la michezo ya kompyuta nilimokuwa nafanya kazi lilifungwa, wakanipa. Bado teknolojia changa, picha zake hazijakaa sawa. Lakini subiri uone. Daktari atajifunza kupasua bila kugusa maiti. Mtu yupo Temeke, ataongea na nduguye wa Muscat kama wamekaa baraza moja."

"Na kumwosha mama? Litamwosha?"

"Mie naongea mambo ya mbele, dada."

"Mie naongea ya leo. Godoro limelowa huko ndani."

Anwar alicheka. Hakwenda kulitazama godoro.

Alimkalisha mama kwenye kiti cha sebuleni, akamvisha helmeti, na kwa kuwa ilimpwaya akaifunga kwa kanga chini ya kidevu. Akampa kirungu kidogo chenye kitufe. "Bonyeza, mama. Unaenda mbele." Bi Somoe akabonyeza. Kwenye kioo cha kompyuta ilionekana sakafu ya vigae vya kijivu ikisogea, kisha mlango, kisha ngazi.

"Natembea!" alipiga kelele. "Munira, mwanangu, napanda ngazi mie!"

Majirani waliojaa dirishani walipiga makofi. Munira alisimama mlangoni na beseni la maji ya moto mkononi, mikono ikimuungua, asijue amshushie nani hasira zake.

Tangu hapo Bi Somoe alikuwa akiamka tu anaulizia helmeti. Uji ulipoa. Dawa zilisahauliwa. Munira akiongea naye, anaongea na dude jeusi lisilo na macho. Siku moja uvumilivu ulimwisha.

"Mama, huko hakuna kitu! Ni taa tu hizo, unadanganywa kama mtoto!"

Bi Somoe alijibu taratibu kutoka ndani ya helmeti. "Najua. Kwani nimepooza na akili? Nyumba ya humu haina mtu hata mmoja. Ndiyo maana naipenda. Humu hakuna anayenisonya nikijikojolea."

Munira alitoka sebuleni. Alisubiri mama alale mchana na Anwar aende mjini, akaivaa helmeti mwenyewe. Ilimlemea shingo. Alipogeuka, picha ilichelewa, ikamfuata nyuma kama mlevi. Aliiona ile nyumba: kuta tupu, ngazi, bustani ya njano yenye miti kama maboksi. Akatafuta hata inzi, hakumwona. Hapa ndipo mama anapopapenda kuliko kwangu, aliwaza. Akaivua, akatapikia kwenye beseni.

Kesho yake asubuhi Bi Somoe alikuwa ngazini tena, anacheka peke yake. Anwar alikuwa uani, ananyoa ndevu. Munira alikwenda moja kwa moja ukumbini kwenye swichi kuu, akaishusha.

Kicheko kilikatika.

"Yarabi! Nimepofuka! Anwar, nimepofuka!"

Bi Somoe alivuta helmeti, fundo la kanga likagoma. Alijirusha huku na huku, kiti kikapinduka, akaangukia mkono. Munira aliusikia mfupa ukivunjika. Aliona yote kutoka mlango wa ukumbini, na miguu yake, iliyokuwa mizima, haikusogea.

Anwar aliingia mbio, povu shavuni. "Kumetokea nini?"

"Umeme umekatika."

Nyumba ya pili, mashine ya kusaga ya Mzee Mwinshehe, nayo ya umeme, ilikuwa inaunguruma kama kawaida. Anwar aliisikiliza. Kisha akamtazama dada yake.

"Ulitaka kumuua."

"Mchukue!" Munira alipayuka. "Mchukue, umbebe wewe, umfulie wewe! Tuone hiyo dunia yako ya mbele!"

Kutoka hospitali Bi Somoe hakurudi Temeke. Anwar alipanga vyumba viwili Tabata, akampeleka huko na plasta yake na helmeti yake. Hakuna aliyemuaga Munira.

Munira alikaa wiki kadhaa na nyumba iliyonyamaza. Mwishowe alipika ndizi na samaki wa nazi, akaenda. Anwar alifungua mlango kidogo tu. Marashi yalikuwa yamekwisha. Shati lilinuka mkojo, macho yamemwiva.

"Umefuata nini?"

"Kumwona mama."

"Yumo humo tangu asubuhi. Akivua, ananitukana mie."

"Na wewe unamsonya?"

Anwar alisogea pembeni.

Bi Somoe alikuwa kitini, helmeti kichwani, mkono mmoja kwenye plasta, mwingine umeshika kirungu. Kwenye kioo, miti ya maboksi ilikuwa inapita.

"Shikamoo, mama."

Kidole kilitulia kwenye kitufe. Miti ikasimama. Munira alipiga hatua, akanyoosha mikono afungue fundo la kanga.

"Marahaba," alisema Bi Somoe, na kabla mikono haijafika, aligeuza shingo upande wa pili, akabonyeza, akaenda zake.