Kuku wa Kiti cha Nyuma

Gari la marehemu mume wangu, refu, lenye turbo na buti pana, lilizeekea kwenye barabara ya Kibondo likipeleka vitunguu. Alipofariki tukaliacha nyuma ya nyumba hapa Kasulu hadi majani yakafika madirishani. Mjukuu wangu Kudra, aliyejifunza gereji, alitaka kulifufua. Baba yake, Abdalah, alikuwa ameshamwahidi mnunuzi wa chuma chakavu.

"Anakuja kesho, Mama. Huyu mjukuu wako anachezea spana tu."

Jioni ile nikambeba kuku wangu na mayai yake, nikamweka kiti cha nyuma.

Mnunuzi alipofika nikamwambia, "Kuku anayeatamia hasumbuliwi, baba. Rudi akishaangua."

Abdalah akakuna kichwa. Kwetu hakuna anayemtoa kuku juu ya mayai.

Kudra akapata nafasi. Akafungua turbo, akasafisha masizi, akabadilisha mpira wa hewa uliopasuka.

"Bibi, kuku huyu alifikaje humu?"

"Kitendawili."

"Tega."

"Amekaa tu, lakini kazi inaendelea."

"Kuku anayeatamia," akasema akicheka.

"Haya, wewe usikae."

Vifaranga walipotoka, Kudra akawasha. Gari likakohoa moshi mweusi, likazima, likawaka tena, na turbo ikapiga mluzi wake wa zamani. Abdalah alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akasikiliza mpaka chai ikapoa. Kisha akampigia simu mnunuzi asije.

"Mama," akasema, "watoe kuku wako humo. Kesho tunapakia vitunguu."